Je, Mshono Unaweza Kusema Uongo?

Jaketi la ngozi liitwalo A-2 lilipitishwa na jeshi la anga la Marekani mwaka 1931. Lilishonwa kwa ngozi ya farasi ya rangi ya kahawia. Mbele lilikuwa na zipu, na nyuma ya zipu ulimi wa ngozi wa kuzuia upepo. Lilikuwa na mifuko miwili yenye vifuniko, mikanda ya mabegani, na sufu ya kufuma kiunoni na mwisho wa mikono. Marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walilivaa Ulaya na Pasifiki, wakiwemo vijana weusi wa Tuskegee waliopigania nchi iliyokuwa ikiwatenga kwa rangi yao. Mwaka 1943 jeshi liligeukia jaketi za kitambaa. Waliobaki na zile za ngozi walizitunza, na baada ya miaka wakatokea watu wa kuzinakili: Marekani kwenyewe, Uingereza, na hasa Japani, ambako Buzz Rickson's imekuwa kwenye kazi hiyo tangu 1993, kwa uangalifu unaofika hadi kwenye uzi.

Nakala nazo huchakaa, na nguo iliyochakaa ng'ambo sote tunajua inakoelekea. Inapakiwa, inashushwa Mombasa, inavuka Malaba, na siku moja robota linafunguliwa Mbale, chini ya magenge ya Wanale. Tuseme mchuuzi ameinua jaketi la kahawia. Shingoni pana lebo: aina A-2, mchoro nambari 30-1415, nambari ya mkataba, jina la kiwanda, mali ya jeshi la anga la Marekani. Shida ni kwamba lebo hiyo hiyo, neno kwa neno, inafumwa leo na wanaonakili. Jaketi la mwaka 1942 na la mwaka 1998 yanaweza kulingana shingoni kama mapacha. Kinachobaki cha kuhojiwa ni mshono.

Swali la kama mshono unaweza kusema uongo nimelipatia sauti nne: Fundi wa ngozi kutoka Jinja, aliyepanda gari la njia ya Tirinyi kuja kulikagua jaketi na kuulizwa kama anaweza kulinakili, Mama anayeuza mitumba Mbale, Mwalimu wa historia, na kijana wa bodaboda. Wasemaji nimewabuni. Hoja zao ni zile ambazo mtu yeyote anayeshona au kuuza nguo za ngozi lazima akutane nazo. Nitakapoona mmoja amezidi, nitaingia.

FUNDI. Mama, lebo iache kwanza. Niletee jaketi lenyewe, uligeuze ndani. Bitana imechanika kwapani. Vizuri, tutaona bila kufumua. Unauona mstari huu wa matundu matupu, pembeni ya ule wenye uzi? Hapa pamefumuliwa pakashonwa upya. Kitambaa ukikifumua, ukakilowesha na kukipiga pasi, nyuzi zake hurudi zikaziba. Ngozi haizibi. Sindano ikishapita, tundu limekaa pale mpaka ngozi yenyewe ioze. Mshono wa ngozi ni ushahidi ambao hata aliyeushona hawezi kuufuta.

MAMA. Matundu yamekuambia pameshonwa mara mbili. Mwaka hayajakuambia, na mteja wangu ananiuliza mwaka.

FUNDI. Subiri. Nishikie tepu hapa kwenye mkono. Ndani ya inchi moja nahesabu hatua 9. Shati la kitambaa ningeliwekea 13 au 14. Ngozi ukiitoboa mara 14 kwa inchi, umeichorea mstari wa kuchanikia. Itavutwa siku moja na kukatika pale pale ulipojivunia ufundi wako. Aliyeshona hili aliijua ngozi.

MAMA. Na Mjapani akinakili, hatazihesabu hizo 9?

FUNDI. Atazihesabu. Ndiyo maana nahama kwenye matundu, naenda kwenye uzi.

Kinachofuata mafundi wengi wa nguo wanakijua, na ni vizuri kila mnunuzi akijue. Ndani ya mfuko, mahali pasipoonekana, huwa panabaki ncha ya uzi iliyokatwa kiwandani. Fundi anaivuta kwa ukucha, anakata kipande kifupi kuliko kiberiti, anakishika kwa kibano na kukiwasha. Uzi wa pamba unashika moto mara moja, unanuka karatasi iliyoungua, na unaacha jivu la kijivu linalosagika katikati ya vidole viwili. Uzi wa polyesta unafanya kinyume: unaukimbia moto, unajikunja, unayeyuka, na unaacha shanga nyeusi ngumu ambayo ukucha hauivunji. Jaribio la pili linahitaji taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile ile wanayokagulia noti wabadilishaji wa fedha. Nyuzi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha weupe, ambayo ilienea kwenye nguo na sabuni baada ya vita. Chini ya taa hiyo hung'aa kwa buluu kali. Pamba ya zamani hubaki imefifia.

FUNDI. Pamba. Na chini ya taa haing'ai.

MAMA. Kwa hiyo ni la vita?

FUNDI. Mshono huu wa mfukoni hauling'oi kwenye vita. Kuzidi hapo sisemi.

MAMA. Na ule wa kwapani ulioshonwa upya?

FUNDI. Ule ni polyesta. Umeyeyuka.

MAMA. Basi nikuulize, mzee wangu. Kama jaketi ni la mwaka 1942, na mwaka 1975 mkono ukafumuka, mjane wa mwenyewe akaupeleka kwa fundi wa mtaani kwao akaushona kwa polyesta, mshono ule ni wa uongo?

FUNDI. Si wa uongo. Ni wa mwaka 1975.

MAMA. Hapo umenijibu vizuri kuliko ulivyokusudia.

Niingie hapa, kwa sababu majaribio haya mawili watu huyapa nguvu zisizokuwa nazo. Uzi unaong'aa ndani ya matundu yasiyoguswa ni dalili kubwa kwamba jaketi ni la baada ya vita, ila hata pamba ya zamani inaweza kung'aa kama nguo ilifuliwa kwa sabuni za leo. Na uzi usiong'aa hauthibitishi umri wowote, kwa kuwa anayenakili kwa bidii hununua pamba tupu makusudi. Jaribio linaweza kumkamata mwongo mvivu. Mwongo mwenye bidii linampitisha. Ndiyo maana mjadala hauwezi kuishia kwenye kiberiti, na Mwalimu alikuwa akingojea nafasi yake.

MWALIMU. Nyote wawili mnazungumza kana kwamba ulikuwepo mshono mmoja wa kweli, na kazi yetu ni kuutafuta. Haukuwepo. Jeshi lilitoa mchoro mmoja na kugawa mikataba kwa viwanda vingi. Aero Leather walishonea Beacon, jimbo la New York. Perry walikuwa Newburgh, ng'ambo ya mto wa hapo hapo. Rough Wear walikuwa Middletown, Pennsylvania. Dubow walikuwa Chicago. Mchoro ni ule ule, ila kola zikatofautiana, mifuko ikatofautiana, hata namna ya kuishonea mikanda ya mabegani ikatofautiana. Wajuzi leo wanakitambua kiwanda kwa kuangalia mfuko tu. Na ndani ya kiwanda kimoja walikaa watu wengi kwenye cherehani, wakikimbizana na mkataba wa vita. Mstari wa mmoja umenyooka, wa mwenzake umepinda kwenye kona. Mkaguzi wa jeshi aliupitisha kwa sababu jaketi lilikuwa zima na rubani alikuwa akilingoja.

FUNDI. Hapo ndipo ninapotaka kusimama, Mwalimu. Wateja wa mambo haya huniambia: nakala yako imenyooka mno. Wanataka kona ipinde kidogo, wanataka hatua moja ndefu na moja fupi, kama ilivyokuwa. Nami naona wana haki. Ukinakili mchoro ukaacha haraka ya kiwanda, umenakili nusu.

MAMA. Hapana, fundi. Yule mfanyakazi wa Newburgh hakupinda makusudi. Alikuwa akijitahidi kunyoosha, mkono ukamponyoka. Wewe ukipinda makusudi, mkono wako haukukuponyoka. Umeigiza. Siku nyingine mtu atauangalia mshono wako na kusema: hapa palikuwa na mtu mwenye haraka, vitani. Na hapakuwa na haraka wala vita. Huo ndio uongo.

FUNDI. Lakini mteja anajua ni nakala.

MAMA. Mteja wa kwanza anajua. Mteja wa tatu mimi ndiye nitakayemuuzia, na hatajua.

Mama ana haki, nami nasema hivyo bila kusitasita. Nguo inaishi kuliko makubaliano yaliyofanywa wakati wa kuinunua. Mchuuzi wa mitumba analiona hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye huzipokea nguo baada ya kila maelezo kupotea: hakuna risiti, hakuna fundi wa kuulizwa, kuna nguo yenyewe tu. Kilichoandikwa kwenye mshono ndicho kitakachosomwa. Anayetia umri wa bandia kwenye jaketi, kwa kupinda mishono, kusugua viwiko kwa msasa au kupausha mabega, anamwandikia msomaji asiyemjua na ambaye hataweza kumwomba radhi.

Mama ana jambo zaidi ya hilo.

MAMA. Agosti 2023 Rais alisimama hapa hapa Mbale, kwenye eneo la viwanda la Sino-Uganda, akasema nguo hizi ni za Wazungu waliokufa na kwamba anazipiga marufuku. Watu walicheka, watu walikasirika. Mimi nilifikiri juu ya majaketi kama haya. Ni kweli, mengine ni ya marehemu. Kijana wa miaka 22 alipanda ndege, na jaketi likarudi kwa mama yake. Nikipata la namna hiyo sitaki mtu aliguse mshono hata kama umefumuka. Na kwa sababu hiyo hiyo sitaki nakala ijifanye kwamba nayo ilirudi kwa mama.

MWALIMU. Na tusidhani mambo hayo ni ya wengine tu. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo Waganda, Wakenya, Watanganyika na Wanyasa, walisukuma vita katika bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua na matope. Barabara hazikupitika. Chakula na risasi walidondoshewa na ndege. Babu zetu, wakiwa chini wakingoja mifuko ianguke, waliwatazama marubani waliovaa majaketi ya ngozi.

Kijana wa bodaboda amesimama pembeni muda wote huu, kofia ya chuma mkononi. Yeye ndiye mteja. Hakuja kutafuta mwaka.

DEREVA. Wazee, nisameheni. Mimi natoka hapa napanda Sipi na Kapchorwa kabla ya jua. Baridi ya kule inaingia kwenye zipu kama maji. Wengi wetu tunavaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, ili kifua kipate ukuta mzima. Hili lina ulimi wa ngozi nyuma ya zipu. Nimelijaribu, nimelivaa mbele-mbele, upepo haukuingia. Nataka la hivi hivi, jipya, la kunitosha mabegani. Uzi wa mwaka gani, mimi hiyo si shida yangu. Nataka usikatike.

FUNDI. Kijana, uzi ndio shida yako kubwa, hata kama hujui. Nikuulize: wapendelea kipi kikatike kwanza, uzi au ngozi?

DEREVA. Kisikatike kimoja.

FUNDI. Kimoja kitakatika. Siku utakayoanguka, au mkono utakaponaswa kwenye mlango wa gari, nguvu itatafuta pa kutokea. Nikishona kwa nailoni nene, uzi utashinda na ngozi itachanika, na ngozi iliyochanika haishoneki tena, inatiwa kiraka. Hata usipoanguka, uzi mgumu kuliko ngozi hukaa unaikata polepole kila unapokunja kiwiko. Nikishona kwa uzi dhaifu kuliko ngozi, mshono ndio utakaofumuka. Unarudi kwangu, napitisha sindano kwenye matundu yale yale, unaenda zako. Wazee wa 1942 walishona kwa pamba. Jaketi zao zimefika leo kwa sababu nyuzi zilikubali kufa kabla ya ngozi.

DEREVA. Na mvua?

FUNDI. Pamba ikilowa inavimba, inaziba tundu lake. Polyesta haivimbi, maji yanapita kwenye kila tundu la sindano.

MAMA. Lakini jasho linaioza pamba, fundi, usimfiche. Nimeshika majaketi mangapi ambayo ngozi ni nzima na mkono umeachia wote, kwapani hadi begani, kwa sababu uzi umegeuka vumbi. Huyu kijana anafanya kazi kila siku. Mvua, jua, jasho. Hutamtaka arudi Jinja kila msimu wa mvua, na nauli hiyo.

DEREVA. Siwezi.

FUNDI. Basi kuna uzi wa tatu: moyo wa polyesta, umezungushiwa pamba. Pamba inavimba na kuziba, polyesta inabeba nguvu. Uupime usiizidi ngozi.

DEREVA. Huo nautaka.

MWALIMU. Na huo hakuna rubani wa 1942 aliyeuvaa.

FUNDI. Hakuna. Lakini angepewa angeukataa?

Hapa ndipo mjadala ulipofika kwenye kiini, na nitakaa hapa kidogo. Kuna namna mbili za kuwa mwaminifu kwa kazi ya zamani. Unaweza kuwa mwaminifu kwa alichotumia fundi wa zamani, au kwa sababu iliyomfanya akitumie. Pamba ilikuwa uzi uliokuwepo. Lile wazo kwamba mshono uachie kabla ya ngozi ni kanuni ya ufundi. Nakala inayochukua pamba bila kuijua kanuni itakosea mahali pengine, kwa mfano itabana hatua ziwe 14 kwa inchi ili mstari upendeze. Nakala inayochukua kanuni na kubadilisha uzi itakosa macho ya mkusanyaji, lakini rubani mwenyewe angeitambua kwa mwili wake. Kwa mtu anayelivaa jaketi dhidi ya upepo wa mlima Elgon, nasema kanuni ndiyo uhalisi. Kwa mtu anayelinunua ili ajue vita vilishonwaje, apewe pamba, aambiwe ni pamba, na aambiwe itaoza.

Ngozi yenyewe inatulazimisha kufikiri hivyo. Ngozi ya farasi fundi wetu hataipata. Uganda farasi ni wachache tangu zamani, na mbung'o wana mchango mkubwa katika hilo. Tulicho nacho ni mbuzi na ng'ombe. Jinja kuna viwanda vya ngozi, ingawa sehemu kubwa ya ngozi ya nchi hii huondoka ikiwa imeiva nusu, ya buluu, ikamaliziwe kwa wengine na kurudi kwetu kama kiatu cha bei. Mbuzi wa Mubende anajulikana kwa ngozi nzuri. Mbuzi si mgeni kwenye mabega ya marubani: jeshi la majini la Marekani lilimtumia kwenye jaketi lake la G-1, na A-2 iliporudishwa rasmi mwaka 1988 ilirudi ikiwa ya mbuzi. Ngozi yake ni nyembamba, lakini nyuzinyuzi zake za ndani zimesukana kwa nguvu, hivyo inastahimili sindano. Fundi wa Jinja akishonea mbuzi wa Mubende hajaenda kando ya njia. Inamsikitisha mwandishi huyu kuona tunaagiza majaketi ya plastiki yanayobanduka baada ya mwaka, na ngozi ya kweli inapita kwenye barabara ya Jinja kwenda bandarini.

Mwalimu alikuwa na onyo, na lisipotolewa mjadala utakuwa haujatendewa haki mahali hapa.

MWALIMU. Kabla hamjakubaliana bei, niambieni mtashona nini begani na kifuani. Wamarekani walichora picha mgongoni na kushona nembo za vikosi. Wanaonakili huzishona pia, zinapendeza. Lakini hapa ni Uganda. Sheria ya UPDF, jeshi la Uganda, ya mwaka 2005 inamkataza raia mavazi yaliyotengwa kwa jeshi, na Septemba 2019 hata kofia nyekundu iliyovaliwa na wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine iliingizwa kwenye orodha. Askari wa kizuizi cha barabarani usiku hatasimama kusoma kama nembo ni ya Marekani ya mwaka 1943.

FUNDI. Mimi nimezaliwa Jinja, Mwalimu. Hilo hunifundishi. Mji wetu umelala na kuamka na kambi. Januari 1964 askari waliasi pale wakidai mishahara, na serikali ikawaita Waingereza waliokuwa wameondoka juzi. Yaliyofuata baada ya mapinduzi ya Idi Amin ya 1971 tunayajua. Mtu wa umri wangu akiona vazi la jeshi kwenye mgongo wa asiye askari, mwili wake unasisimka kabla hajafikiri. Sishoni nembo. Hata ya Marekani, hata ya mchezo.

DEREVA. Na mikanda ya mabegani?

FUNDI. Mikanda ni sehemu ya mchoro. Hiyo nitaiweka. Cheo hakitakaa juu yake.

Nami namuunga mkono kabisa. Nakala ina wajibu kwa mahali inapovaliwa, si kwa mahali ilikotoka tu. Nembo ya kikosi ilikuwa ya watu waliokuwa kwenye kikosi. Walioishona walijua majina ya wenzao. Kuiondoa hakulipunguzii jaketi ukweli wake. Kunaliongezea.

Ikabaki lebo, na hapa Mama na Fundi walipishana mara ya mwisho.

FUNDI. Nitamfumia lebo kama ile ya zamani, ili shingo isikae tupu. Nambari ya mkataba nitaibadilisha tarakimu moja, anayejua ajue.

MAMA. Anayejua ajue, na asiyejua aliwe? Fundi, wewe umenifundisha leo kwamba ngozi haifuti tundu. Unataka kulitumia tundu hilo kushikilia jina la mtu mwingine?

FUNDI. Jina langu halina soko, Mama. Waliotutangulia wote walishona bila majina. Mteja akisoma Jinja, anashusha bei.

MAMA. Ataishusha mara ya kwanza. Kizuri chajiuza. Mimi nikipata majaketi matatu yenye jina moja, na yote matatu mshono umekaa, la nne nitalipandisha bei mwenyewe. Naijua kazi yangu. Lakini usiponiachia jina, nitajuaje nimpandishie nani?

Fundi hakujibu upesi. Alichosema hatimaye kilihusu cherehani yake. Ngozi hunata chini ya mguu wa cherehani ya kawaida, mshono ukakwama na hatua zikajibana. Asiye na mashine ya ngozi huweka ukanda wa gazeti kati ya ngozi na mguu huo, anashona juu ya karatasi, kisha anaichana na kuitupa. Karatasi haitoki yote. Vipande vidogo hubaki chini ya hatua za uzi, ndani ya pindo, ambako jicho la mvaaji halifiki. Ukilifumua jaketi la fundi wa namna hiyo utakuta herufi: nusu ya neno kutoka gazeti la Bukedde, tarakimu ya tarehe, kona ya picha. Alikuwa akivitoa kwa sindano, kimoja kimoja, kwa kuona haya.

MWALIMU. Usivitoe. Mtu wa miaka 80 ijayo akilifumua, atajua lilishonwa wapi na mwaka gani bila kuwasha kiberiti.

Hukumu yangu ni hii. Mshono unaweza kusema uongo, na unasema uongo pale tu unapodai umri ambao haukuuishi au mkono ambao haukuushona. Kunakili urefu wa hatua, mfuatano wa kushona, ulimi wa kuzuia upepo na kanuni ya uzi unaoachia kabla ya ngozi ni kujifunza kazi, na kazi haina mwenyewe mmoja. Kunakili kona iliyopinda, msuguo wa kiwiko na nambari ya mkataba wa jeshi ni kughushi, hata kama mnunuzi wa kwanza amekonyezwa.

Kwa hiyo, fundi unayesoma haya, uwe Jinja, Mbale au popote unaposhonea: andika jina lako, mji wako na mwaka kwenye ngozi ya ndani ya shingo, kwa wino usiofutika, kabla hujafunga bitana. Sema ni ngozi ya mbuzi kama ni ya mbuzi, na uzi gani umetumia. Weka bei inayolingana na kazi, na usiishushe kwa sababu lebo inasema Jinja. Nawe mchuuzi, jaketi hilo likikufikia baada ya miaka 20, usiikate lebo hiyo kwa mkasi ili kuuza haraka. Msomee mteja.